Tulivyoifanya trei ya dharura ya wodi ya wazazi ikae imejaa

Tathmini ya nyota, ile ambayo Wizara ya Afya hupimia ubora wa vituo vya afya, ikikaribia, ushauri unaotufikia vituoni ni uleule: pakeni rangi, bandikeni mabango, pandeni maua getini. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi, sasa niko kwenye kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji, na ushauri huo umenichosha. Wizara haikuanza kutoa nyota mwaka 2015, sifuri hadi tano, ili tushindane kwa rangi. Mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua, ukuta mpya haumsaidii kitu. Anachohitaji ni mkunga anayeshika oksitosini (dawa ya kukaza kizazi ili damu ikome), kanyula (kijimrija cha kupitishia dripu mshipani) na dripu bila kuzitafuta, na kwa hilo ipo trei ya dharura.

Tulianza na zile S tano za Wajapani, mbinu ya kupanga mahali pa kazi, zilizoanzia kwetu Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Wengi wanazikariri zote halafu wanakimbilia safisha. Timu yetu ya uboreshaji kazi iling'ang'ana na ile ya kwanza, kutenga na kuondoa visivyotakiwa. Kabati la chumba cha kujifungulia lilitoa mashine ya presha iliyokufa, mabeseni yaliyotoboka, glovu zilizogandana kwa joto, makaratasi ya semina za zamani, na nyuma kabisa kanyula nzima tulizokuwa tukiambiwa zimekwisha! Ila usitupe mali ya serikali hivihivi hata kama imeoza. Iorodheshe, ibandike lebo nyekundu, iweke kando mpaka ofisa ugavi aje na taratibu zake za mali chakavu. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudisha kila kitu kabatini, kwa hiyo tafuteni kona ya stoo kabla hamjaanza.

Kupanga trei yenyewe naruka, kila mkunga anajua kinachotakiwa. Kazi ni kuikuta imejaa. Zamu ya usiku inachomoa kanyula kwa ajili ya mgonjwa wa wodi nyingine, asubuhi mwingine anaazima sirinji, hakuna anayerudisha, na hakuna mwenye nia mbaya.

Kiongozi mmoja aliyekuja kutukagua akasema dawa yake ni kufuli. Nilibisha, nikaambiwa tujaribu kwanza. Basi tukafunga, ufunguo ukakaa kwa mkuu wa zamu. Sikutaka kusubiri mama wa kweli ndipo tujue, nikaandaa zoezi bila kumwambia mtu isipokuwa mkunga mmoja kijana, ambaye alijilaza kitandani kama mzazi anayetokwa damu. Nikapiga kelele za kuomba msaada. Wenzangu walikuja mbio kama inavyotakiwa: mmoja akaanza kuchua tumbo, mmoja akashika presha, wa tatu akaenda kwenye trei akakutana na kufuli. Mkuu wa zamu? Yuko chumba cha upasuaji anasubiri kupokea mtoto, ufunguo umo mfukoni, gauni la upasuaji limeshafungwa juu yake. Wakakimbia huku na huko, mara watafute nyundo, mara waazime kanyula wodi ya watoto. Mwisho yule kijana akainua kichwa: "Sista, mimi nimeshakufa." Kufuli liliondoka siku ileile.

Kilichotufaa ni plasta. Wakati wa kukabidhiana zamu, anayetoka na anayeingia wanahesabu pamoja kwa orodha iliyobandikwa ndani ya mfuniko. Kisha wanafunga trei kwa kipande cha plasta nyeupe, na juu yake wanaandika tarehe, saa, sahihi zao na tarehe ya dawa itakayoisha muda mapema kuliko nyingine. Zamu ijayo ikikuta plasta nzima haihesabu chochote, inasoma tarehe na kuendelea. Ikikuta imekatwa, aliyekata anawajibika kujaza. Mwenye dharura anaikata kwa kidole, lakini mwenye kuazima anajua ataulizwa. Ndani tulichora kwa kalamu ya wino mzito umbo la kila kifaa mahali pake, ili hata saa tisa usiku pengo lionekane. Gharama yote, trei ya plastiki yenye mfuniko pamoja na kalamu, haikufika bei ya kuku wawili.

Oksitosini haikai humo, maana inataka nyuzijoto 2 hadi 8. Wapo waliotushauri tuiache "siku moja tu". Msikubali! Ikipata joto inapoteza nguvu huku ampuli inaonekana vilevile, nawe unamchoma mama yuniti 10 ukidhani umemtibu. Tulielewana na mwenzetu wa chanjo, mwenye friji: kila zamu inachukua ampuli chache kwenye boksi la baridi lenye kipimajoto, linakaa kando ya trei. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu kuganda, yenyewe iwe ndani ya trei, kwa sababu inatakiwa itolewe kabla ya saa tatu kupita tangu mama ajifungue.

Wakaguzi walipokuja walikata plasta, wakahesabu, wakakuta vyote. Lakini fahari yangu ni akina mama waliotokwa damu tangu hapo, maana kila mara trei ilifunguliwa imejaa.

Chumba cha upasuaji nao wameiga plasta. Sasa nawasumbua kuhusu orodha ya usalama wa upasuaji, ya mambo ambayo timu huhakiki pamoja, ileile iliyojaribiwa katika hospitali nane duniani, Ifakara yetu ikiwemo, na matokeo ya mwaka 2009 yakaonyesha vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwetu bado inajazwa mgonjwa akishashonwa, na nimewaambia sitaacha kuwauliza mpaka isomwe kwa sauti kabla kisu hakijagusa ngozi.