Mishumaa miwili ya Miss Matty

Jana umeme ulikatika saa mbili usiku, nikawasha mshumaa na kuendelea kusoma Cranford, kitabu cha hadithi cha Mwingereza Elizabeth Gaskell, kwenye simu. Nikafika pale Miss Matty anapobana matumizi ya mishumaa, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Bibi huyu ana mishumaa miwili mezani, lakini anawasha mmoja tu. Ukipungua kidogo anauzima, anawasha wa pili, ili mgeni akipiga hodi ghafla aiwashe yote na ikutwe ina urefu sawa. Mtu asijue!

Hadithi hizi zilikuwa zikitoka moja moja kwenye jarida la Charles Dickens, kuanzia Desemba 1851 hadi 1853. Usitafute jambazi humo. Kuna ng'ombe aliyetumbukia kwenye shimo la chokaa, akanyonyoka manyoya, basi akashonewa nguo za flaneli. Kuna dada wawili wanaoona aibu kufyonza machungwa mbele za watu, kila mmoja anabeba lake na kwenda kulila chumbani.

Nilicheka, halafu nikakumbuka vile vikombe vyangu vya wageni kabatini. Mwaka wa sita huu, mimi mwenyewe sijavinywea.

Baadaye benki inafilisika, Miss Matty anaanza kuuza majani ya chai nyumbani kwake, uzeeni. Hapo kicheko kilikata.

Umeme ulirudi saa nne. Mshumaa nikauzima fasta, kipande kilichobaki nikakirudisha kwenye droo.