Kukata Bodi ya Povu kwa Ajili ya Ndege za Mfano

Bodi ya povu yenye unene wa milimita 5 ina tabaka tatu: karatasi juu, povu la polistaireni katikati, na karatasi tena chini. Anayetaka kuikatia bawa au mkia wa ndege hana budi kukumbuka kwamba wembe wake mmoja unapambana na vitu viwili vyenye tabia tofauti kabisa. Karatasi ni kali kuliko inavyoonekana, kwa sababu kiwandani aghalabu huchanganywa na madini kama kaolini au chokaa, na hayo ndiyo yanayoula wembe. Povu nalo ni laini mno, kiasi kwamba wembe ulioanza kuwa butu haulikati, bali hulisukuma mpaka linanyofoka chembe kwa chembe na kuacha ukingo wenye mashimo. Wengi huilaumu bodi, kumbe tatizo ni wembe.

Kwa hiyo katika wembe mimi sifanyi ubahili. Natumia kisu chembamba cha milimita 9, kile chenye wembe wa kuvunjwa ncha, na navunja ncha mara tu mlio wa mkato unapogeuka kuwa mkwaruzo. (Vipande vilivyovunjwa vihifadhiwe katika kopo lenye kifuniko, hasa kama nyumbani kuna watoto.)

Mkato mmoja wa nguvu ni adui. Mara ya kwanza kisu kipite kwa wepesi kando ya rula ya chuma na kukata karatasi ya juu tu. Mara ya pili kipite katika povu, kikiwa kimelazwa ili sehemu ndefu ya makali ifanye kazi badala ya ncha peke yake. Mara ya tatu kimalizie karatasi ya chini. Rula iwekwe juu ya kipande unachokihitaji, ili kisu kikiteleza kiharibu upande wa kutupwa. Penye mviringo, ni afadhali kuizungusha bodi kuliko kuupinda mkono.

Kazi inayodai utulivu zaidi ni mkato wa nusu, yaani kukata karatasi ya juu na povu huku karatasi ya chini ikibaki nzima ili iwe bawaba ya usukani au ya vibawa vinavyosogea. Baada ya mkato huo nakunja bodi kuelekea nyuma mpaka ufa ufunguke, kisha naunyoa ukingo wa upande unaosogea kwa mshazari wa nyuzi 45, vinginevyo povu litagongana na povu na kibawa hakitakunjika kuelekea upande uliokatwa. Ikiwa karatasi ya bawaba imekwaruzwa, utepe wa gundi uliobandikwa kwa nje unatosha kuiokoa.

Waya wa moto, unaosifiwa sana kwa kuchonga mabonge ya povu tupu, haufai hapa, kwa kuwa povu huyeyuka lakini karatasi haiyeyuki, huungua.

Ukingo uliokatwa huliacha povu wazi, bila karatasi ya kulikinga, na rangi nyingi za kupuliza pamoja na gundi zenye vimumunyisho vikali hulila papo hapo. Gundi ya fimbo inayoyeyushwa kwa bastola ya umeme inafaa, ila ikiwa na moto mwingi nayo hutoboa. Ni vyema kuijaribu kwanza kwenye masalio ya bodi ileile.