Jicho ndilo lililolitaja sikio

Usiku kucha mwanangu alikuwa akilishika titi, anavuta mara mbili tatu, kisha analiachia kwa kilio. Si kilio cha njaa. Nikimbeba wima anatulia. Nikimlaza tu, anaanza upya. Mwili ulikuwa wa moto na makamasi ya mafua bado yakimchuruzika. Kulipokucha, kope zilikuwa zimegandana kwa tongotongo.

Daktari alichungulia sikio kwa kile kifaa chenye taa, akaona kiwambo, ile ngozi nyembamba ya ndani ya sikio, ni chekundu, kimevimba kuelekea nje. Sikio la kati limejaa usaha. Lakini swali lake la kwanza lilikuwa la macho: yameanza lini? Mtoto mwenye usaha sikioni na machoni kwa wakati mmoja, alisema, humfanya amshuku zaidi bakteria aitwaye Haemophilus influenzae.

Nikamuuliza: si amepata chanjo zote? Amepata, ndiyo, ila chanjo ya Hib, yaani ya Haemophilus influenzae aina b, humkinga na aina hiyo tu, yenye ganda. Wanaosumbua masikio kwa kawaida ni wale wasio na ganda, na hao chanjo hiyo haiwagusi. Bakteria wengine wakubwa wa masikio ni Streptococcus pneumoniae, ambaye chanjo ya nimonia imepunguza baadhi ya aina zake, na Moraxella catarrhalis. Wote watatu huweza kukaa nyuma ya pua ya mtoto bila kumdhuru. Mafua yakija, mrija unaounganisha pua na sikio huvimba na kuziba. Kwa watoto mrija huo ni mfupi na umelala, basi majimaji hukwama na bakteria hupata pa kuzaliana. Ndiyo maana ugonjwa huu huwaandama zaidi wa miezi 6 hadi 24. Hata kile kilio cha kunyonya kikaeleweka: kila anapovuta na kumeza, mgandamizo ndani ya sikio hubadilika.

Hapo ndipo uchaguzi wa dawa ulipotokea. Haemophilus wengi na karibu Moraxella wote hutoa kimeng'enya kinachoivunja amoksilini, kwa hiyo kwa sababu ya macho tukaandikiwa amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti, inayokizuia kimeng'enya hicho, kipimo kikifuata uzito. Parasetamoli ya maumivu pia, na hiyo ndiyo iliyotupatia usingizi usiku wa kwanza. Ile amoksilini yenye klavulaneti ilimharisha, tena sana, nikachoka kubadilisha nepi.

Si kila mtoto huandikiwa antibiotiki papo hapo. Aliyevuka miezi 6, mwenye sikio moja tu na dalili nyepesi, daktari anaweza kumwangalia kwa saa 48 hadi 72 kwanza. Kichanga wa chini ya hapo hasubirishwi.

Na jamani, mafuta ya kupikia msiyatie sikioni, yakae jikoni! Kiwambo kikiwa kimetoboka, usaha hutiririka na mtoto hutulia ghafla. Ukitia kitu humo unakipitisha hadi ndani. Uvimbe nyuma ya sikio unaolisukuma mbele ni wa kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo, kwani maambukizi huenda yamefika kwenye mfupa.

Homa imeisha. Majimaji bado yamo, na yanaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi 3, kwa hiyo nikimwita kwa sauti ya chini akiwa amenipa mgongo, hageuki. Tutarudi kupimwa usikivu.