Kukumbuka kwa Niaba ya Mwingine

Wapendwa katika Kristo, juma hili naomba tuanzie mahali ambapo hatukuzoea kuanzia tafakari, yaani kwenye tamthilia. Binti yangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, alikuja nyumbani likizo akiwa na tamthilia ya Kimarekani iitwayo Chuck katika kompyuta yake, na kwa majuma kadhaa tulikaa sebuleni baada ya sala ya jioni tukaitazama yote. Ilianza kuoneshwa mwaka 2007 na ikamalizika Januari 2012 ikiwa na vipindi 91. Habari yake ni ya majasusi, lakini imejaa vichekesho, nasi tulicheka sana, hadi tulipofika mwisho wake, ambao ulinipeleka kwenye Biblia nikiwa na machozi.

Chuck Bartowski ni fundi wa kompyuta katika duka moja huko Burbank, California. Siku moja anafungua barua pepe iliyotumwa na rafiki wa zamani, na papo hapo siri za serikali zilizohifadhiwa katika mtambo wa kompyuta uitwao Intersect zinaingia zote kichwani mwake. Shirika la ujasusi la CIA linamtuma Sarah Walker amlinde, na ili watu wasishuku jambo, Sarah anajifanya kuwa mchumba wake. Penzi hilo la kuigiza linageuka polepole kuwa penzi la kweli, na hatimaye ndoa. Kando yao yuko Morgan, rafiki wa Chuck tangu utoto, ambaye alimpenda Chuck alipokuwa si kitu na akaendelea kumpenda vivyo hivyo alipokuwa jasusi. Lipo jambo moja nisilolikubali: Chuck anamficha ukweli kwa miaka kadhaa dada yake Ellie, aliyemlea baada ya wazazi kuondoka. Nimesikia wakimtetea kwamba alimficha ili asimhatarishe, lakini mtu aliyekulea hastahili kudanganywa mezani pake, hata kwa nia njema.

Sasa niseme juu ya huo mwisho. Mtambo uleule uliowakutanisha unafuta kumbukumbu za Sarah, naye anasahau miaka yote mitano, harusi pamoja nayo, akabaki akimtazama mumewe kama mtu aliyekuwa kazi yake tu. Ipo nafasi moja iliyosalia ya kuutumia mtambo huo, nayo huenda ingemrudishia Sarah kumbukumbu zake, lakini bomu limetegwa katika ukumbi uliojaa watu na Chuck analazimika kuitumia nafasi hiyo kuwaokoa. Anabaki mikono mitupu. Anakwenda kumkuta Sarah ufukweni, palepale Sarah alipoketi naye alipomwomba Chuck mara ya kwanza amwamini, na sasa Sarah anamwomba amsimulie habari yao. Chuck anaanza kusimulia tangu siku zile za dukani na ile barua pepe, na mkewe anasikiliza, anacheka, analia. Hatuambiwi kama alikumbuka. Tunachooneshwa ni kwamba mmoja amesahau agano, na mwenzake amelibeba kwa ajili ya wote wawili.

Hapo ndipo nilipofungua 2 Samweli sura ya 9. Daudi na Yonathani walikuwa wamefanya agano, na Yonathani aliomba kwamba Daudi asiondoe fadhili zake katika nyumba yake milele. Kisha Yonathani akafa vitani, Daudi akawa mfalme, miaka ikapita, na hapakuwa na mtu wa kumdai. Mwana wa Yonathani, Mefiboshethi, alikuwa na umri wa miaka mitano habari ya msiba ilipofika. Yaya akamchukua akakimbia naye, mtoto akaanguka, akawa kiwete. Alikulia mbali, na Daudi alipomwita alikuwa tayari mtu mzima mwenye mtoto wake mwenyewe, naye akaja akiwa na hofu, akijiita mbwa mfu. Ninaamini kwamba Mefiboshethi hakuwa na kumbukumbu yoyote ya urafiki ule ambao sasa ulikuwa unamwokoa. Aliyekumbuka ni Daudi peke yake, naye akamketisha mezani pake siku zote kama mmoja wa wana wa mfalme. Mithali 17:17 inasema, "Rafiki hupenda sikuzote," na neno hilo sikuzote linajumuisha hata siku ambazo mwenzako hawezi tena kukujibu.

Tunaoishi Dodoma tunalijua jambo hili kwa namna yetu. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, tumewapokea katika jumuiya zetu ndugu wengi ambao wenzi wao walibaki Dar es Salaam, na ingawa treni ya mwendokasi imefupisha safari tangu mwaka 2024, bado yako majuma mengi ambayo mtu huishika ndoa yake kwa kukumbuka tu. Tuwaombee, na tuwaalike mezani kwetu.

Lakini zaidi ya wote namfikiria mzee wetu mmoja aliyelima zabibu Hombolo kwa miaka mingi, ambaye sasa ugonjwa wa kusahau umemchukulia karibu kila kitu. Jumapili iliyopita tulipomtembelea baada ya ibada, mke wake alitoka jikoni na uji, na mzee, kwa adabu yake ileile ya siku zote, akainuka kidogo kitini akamwamkia, "Shikamoo, mama." Sisi tukainamisha vichwa. Yule mama akaweka bakuli chini, akaitikia, "Marahaba, baba," akavuta kigoda akaketi karibu naye, akaanza kumsimulia kwamba ilikuwa wakati wa mavuno, mwezi wa nane, na kwamba kijana mmoja alimsaidia kubeba kikapu cha zabibu kilichomzidi uzito. Mzee akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na huyo kijana, alikuwa mtu mwema?"