Mtori Tunakuja Kula Lini?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekaa kwenye sura moja tu ya Biblia, 1 Samweli 1, na kilichonipeleka huko ni vitunguu.

Ilikuwa Ijumaa jioni, jikoni nyuma ya kanisa, akina mama wa kamati ya chakula. Kesho yake kijana wetu wa kwaya alikuwa anaoa. Mnajua jikoni kwa harusi kulivyo: huyu anachagua mchele, yule anatwanga kitunguu saumu, masufuria yanagongana, vicheko havikatiki. Mimi nilikuwa nimekalia ndoo iliyogeuzwa, namenya vitunguu pamoja na dada mmoja niliyesali naye miaka mingi. Ndoa yake ilikuwa inaingia mwaka wa saba. Nikamwambia, tena kwa sauti ya kusikika na wote, "Na wewe mdogo wangu, mtori kwako tunakuja kula lini? Au mnataka tuzeeke tukisubiri?" Mtori ni ule mchanganyiko wa ndizi na nyama anaopikiwa mama aliyejifungua, kwa hiyo kila mtu alielewa ninamwuliza atazaa lini.

Wakacheka. Na yeye akacheka. Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akachukua kitunguu kingine. Nami nikaona ni vitunguu tu.

Zilipita wiki nyingi kabla mama mwenzetu hajaniita pembeni. Kumbe dada yule siku ile alikuwa na wiki mbili tu tangu atoke hospitali. Mimba ya tatu ilikuwa imetoka. Na tangu jioni ile hakukanyaga tena jikoni kwetu.

Ndiyo maana nikarudi kwa Hana, yule mama aliyekaa miaka bila mtoto kabla ya kumzaa Samweli. Habari zake tumezoea kuzisoma kama habari za maombi yaliyojibiwa, na ni kweli. Lakini safari hii nilisoma nikiangalia vinywa vya watu, nikaona kwamba kabla Samweli hajazaliwa, mama huyu alipita kwenye vinywa vitatu.

Cha kwanza ni cha Penina, mke mwenzake, aliyekuwa na watoto. Huyu alimchokoza Hana kwa makusudi, mwaka baada ya mwaka, kila walipopanda kwenda Shilo kuabudu. Yaani sumu ilitolewa safarini kwenda kwenye ibada! Sitakaa sana kwa Penina, kwa sababu mtu wa namna yake anajulikana na wengi wetu tunamwepuka.

Cha pili ni cha Elkana, mume mwema kabisa, aliyempenda Hana na kumpa sehemu mara mbili ya nyama ya dhabihu. Anamkuta mkewe analia, hali chakula, anamuuliza: "Je! Mimi si bora kwako kuliko watoto kumi?" Mimi naamini alisema kwa upendo. Ila angalia lile swali linamhusu nani. Hana analilia mtoto, na sasa inambidi amtulize mumewe pia. Wangapi tumekwenda msibani au hospitali tukafanya hivyohivyo, mgonjwa akageuka kuwa yeye ndiye anayetufariji sisi?

Cha tatu ndicho kilichonishika. Eli, kuhani, ameketi kitini pake penye mwimo wa hekalu. Hana anaomba moyoni, midomo inatikisika, sauti haisikiki. Eli anaangalia midomo, anatoa hukumu: huyu amelewa. Hakumwuliza, "Mama, una nini?" Alianza na karipio, akitaka kujua ataendelea na ulevi wake mpaka lini. Fikiria mwanamke aliyetukanwa nyumbani, asiyeeleweka mezani, anafika mahali pa mwisho alipodhani atapumua, na mtumishi wa Mungu anamwita mlevi.

Na cha kusikitisha, huyuhuyu Eli alikuwa na wanawe wawili, Hofni na Finehasi, waliokuwa wakiidharau sadaka ya Bwana palepale Shilo. Kwao aliongea, lakini Mungu anamlaumu katika sura ya 3 kwamba hakuwazuia. Ukali aliumwaga kwa mwenye huzuni, upole akaupeleka kwa wenye kiburi. Nimejiona hapo. Kuna watu ninaowaogopa ambao walistahili neno la kweli kutoka kwangu, nikanyamaza. Na kuna waliohitaji kunyamaziwa tu, nikawatania mbele za watu.

Hana anajibu kwa heshima. Sikunywa divai wala kileo, anasema, ila nimeimimina roho yangu mbele za Bwana. Hapo Eli angeweza kujitetea. Angesema, "Basi uwe unaomba kwa sauti, tuelewe." Mzee hakufanya hivyo. Alisema: "Enenda kwa amani, na Mungu wa Israeli akujalie haja yako uliyomwomba."

Kinywa kilekile! Yakobo anasema katika kinywa kile kile hutoka baraka na laana, na kwamba haifai mambo kuwa hivyo. Kweli haifai. Lakini kwa mtu ambaye tayari amekosea, mimi naona faraja kubwa hapa, kwamba Eli hakuambiwa afunge mdomo maisha yake yote. Uleule mdomo uliomjeruhi ndio uliombariki, mara tu alipokubali kusikiliza.

Sasa tazama mstari wa 18, wapendwa, tafadhali usomeni wenyewe polepole. Hana akaenda zake, akala chakula, wala uso wake haukukunjamana tena. Bado hana mimba. Hajarudi hata nyumbani Rama. Penina bado yupo, na kesho asubuhi wataongozana njia moja. Hakuna kilichobadilika ila neno moja aliloambiwa, na mtu aliyekuwa hali, sasa anakula.

Siku hizi tunapenda kusema maneno huumba, na mahubiri mengi juu ya ulimi yanaishia kwenye kutamka: tamka gari, tamka nyumba, tamka ndoa, itakuja. Sipendi kubishana na mtu, lakini Eli hakutamka mtoto. Hakumwambia, "Pokea!" Alisema Mungu wa Israeli akujalie. Aliyesema "Iwe nuru" na ikawa nuru ni mmoja tu. Sisi tumepewa kitu kingine, ambacho nacho si kidogo: kumfikishia mwenzako amani ya Mungu mpaka hamu ya kula irudi. Paulo anaiita kuwapa neema wanaosikia, Waefeso 4:29, na anasema neno hilo liwe "la kumfaa mwenye kuhitaji". Maana yake lazima kwanza nijue anahitaji nini. Eli alianza bila kujua. Nami vivyo hivyo, na kisu cha vitunguu mkononi.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole ningekifunga kitambaa. Kwa ulimi ilinibidi nipande daladala.

Nilikwenda kwake Jumanne hii. Nilikuwa nimeandaa mistari ya kumsomea, nimeiandika kabisa kwenye karatasi. Nilipomwona amesimama mlangoni, karatasi niliiacha mkobani. Nikamwambia, "Mdogo wangu, siku ile jikoni nilikuumiza kwa mdomo wangu, mbele za watu. Nisamehe." Basi. Sikuongeza kwamba nilikuwa natania, wala kwamba sikujua habari za hospitali.

Alinyamaza muda mrefu, anachezea ncha ya kanga. Kisha akasema, "Dada, unajua siku ile nilimaliza ndoo nzima ya vitunguu? Nilikuwa nawanyang'anya wenzangu vyao, ili nipate pa kulilia."

Tukalia wote wawili, safari hii bila vitunguu. Nikamwomba ruhusa nimwombee, akakubali. Sikujua niseme nini, nikaazima maneno ya Eli jinsi yalivyo, sikuongeza hata moja.

Akanyanyuka, akaenda jikoni kwake. Nilisikia anapuliza mkaa. Akarudi na mihogo ya kuchemsha na birika la chai, akaketi karibu yangu mkekani, tukala.