Bibi Yako Loisi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeshindwa kuvuka mstari mmoja. Paulo anamkumbusha Timotheo imani "ambayo ilikaa kwanza katika bibi yako Loisi, na katika mama yako Eunike" (2 Tim. 1:5). Kilichonisimamisha hapo ni bibi mmoja wa jumuiya yetu hapa Nkuhungu, Dodoma, muuza ubuyu na karanga. Mjukuu wake alijifunza raga, ule mchezo wa mpira wa umbo la yai, alipokuwa akisoma Arusha, na sasa ameitwa huko kwa majaribio. Bibi akaomba tumwombee. Kabla hatujainamisha vichwa, mzee mmoja akasema, "Mama, mwambie mtoto atafute kazi. Mchezo wa kuangushana utamvunja shingo." Bibi akanyamaza, akawa anafungua na kufunga fundo la kanga anamoweka noti zake.

Wengi mnamfahamu Siya Kolisi, nahodha wa Afrika Kusini. Amenyanyua Kombe la Dunia la raga mara mbili: mwaka 2019 kule Yokohama walipowafunga Waingereza 32–12, na mwaka 2023 kule Ufaransa walipoipita New Zealand kwa pointi moja tu, 12–11. Ni ndugu yetu katika Kristo, na hafichi. Lakini leo nawaomba tuliache kombe twende Zwide, mtaa wa watu wa hali ya chini alikozaliwa mwaka 1991. Mama yake alimzaa akiwa bado binti mdogo, mtoto akalelewa na bibi. Gari lake la kuchezea lilikuwa tofali. Kuna siku walilala njaa, na kilipopatikana kidogo bibi alimwachia mjukuu. Alipokwenda kwenye majaribio hakuwa na bukta ya raga, akacheza na boksa. Akaonekana, akapewa ufadhili wa kusoma shule nzuri. Bibi alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Hakuiona jezi ya kijani ya taifa, hakuliona kombe.

Alipokuwa mtu mzima, Kolisi aliwatafuta wadogo zake waliotengana naye baada ya mama yao kufa, akawachukua kuwalea nyumbani kwake. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko makombe yote mawili, na naiona mikono ya yule bibi ndani yake.

Wapendwa, Loisi ametajwa mara moja tu katika Biblia nzima. Hatuambiwi alihubiri wapi. Tunaambiwa imani ilikaa kwake kwanza. Wewe mama unayeamka usiku kumkorogea mjukuu uji wa uwele, unayemwekea mkono kichwani akiwa amelala, usikate tamaa! Mungu anakuona. Endelea kumtaja mtoto huyo mbele zake kwa jina.

Na sisi wengine tusemane ukweli. Septemba 2025 Alphonce Simbu, mtoto wa jirani zetu Singida, alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo kwa saa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani aliyekuwa wa pili, kila simu iliandika "kijana wetu". Vizuri, tulishangilia. Ila tunajua sana kumpokea mtu akiwa na medali shingoni. Katika raga ni kosa kurusha mpira mbele kwa mkono. Aliyeushika akibanwa, wa kumsaidia ni mwenzake anayekimbia nyuma yake, karibu. Asipokuwepo, anaangushwa nao. Kanisa tuko wapi mtoto anapobanwa? Hata Yese alimkumbuka Daudi baada ya kuulizwa, "Amesalia mdogo wao."

Mzee wangu, hofu yako naiheshimu. Raga inaumiza, na shule isiachwe. Kolisi mwenyewe aliinuliwa kupitia shule. Lakini shauri lile lingeweza kusubiri tukamaliza kuomba.

Kijana anasafiri Jumanne. Hana njumu, anavaa namba 44. Mwenye nazo, hata zilizotumika, azilete Jumapili kabla ya ibada ya kwanza. Mwenye chochote cha nauli amkabidhi bibi mwenyewe mkononi, na tafadhali, asipigwe picha.