Dizeli au petroli: nilivyoichagua Prado yangu

Dizeli nilikuwa nimeshaichagua kabla hata sijapata hela ya gari. Kwetu Marangu, Kilimanjaro, hilo ni jambo la ukoo. Baba aliendesha gari la ushirika wa kahawa miaka na miaka, na mpaka leo kwake petroli ni ya pikipiki na mashine ya kukata majani. Kwa hiyo nilipoanza kutafuta Prado, lile umbo lililotoka mwaka 2009, swali lililokuwa limebaki kichwani ni rangi tu.

Aliyenivuruga ni shemeji yangu. Ana gari la kifahari la Ulaya, la dizeli, jina nalihifadhi. Jumamosi moja akaniomba nimsindikize gereji, Sinza, hapa Dar. Taa ya injini ilikuwa imewaka na gari limekuwa zito, unakanyaga halitaki kwenda. Fundi alivuta kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakivuta tena. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa kama nusu kidole.

"Afadhali," shemeji akasema, "oili ipo."

Fundi akamsogezea kijiti puani. "Nusa, bosi."

Kilinuka dizeli. Nami nikanusa, maana sikuamini.

Alivyotueleza ni hivi. Magari ya dizeli ya siku hizi yana chujio kwenye eksozi la kunasa masizi. Likikaribia kujaa, kompyuta inaongeza dizeli kidogo ili joto lipande mpaka nyuzi kama 600, masizi yaungue yawe majivu. Kazi hiyo inataka gari liwe linatembea, mwendo wa kueleweka, dakika kama 20 bila kusimamasimama. Sasa niambie, dakika 20 za namna hiyo unazipata wapi kati ya Makonde na Mwenge saa moja asubuhi? Usafi unaanza, ukifika Lugalo uko kwenye foleni, ukifika kazini unazima gari, kazi imekatika katikati. Dizeli iliyoongezwa haikuungua yote, nyingine inapenyeza pembeni ya pistoni na kushuka kwenye oili. Kesho hivyohivyo. Oili inaongezeka huku inakuwa nyepesi kama maji, na turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, inazunguka humohumo.

Chujio lilipofunguliwa lilikuwa limepangwa vijitundu kama sega la nyuki, ila sega limezibwa tii. Dawa ya mtaani ni kulitoa na kuidanganya kompyuta kwamba bado lipo. Shemeji akakubali. Mimi nilinyamaza, gari si langu, lakini tangu siku hiyo nikiwa nyuma yake napandisha vioo.

Wengi watakwambia tatizo ni mafuta yetu machafu. Hilo lina ukweli nusu. Januari 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kilishushwa mpaka salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na hiyo ilikuwa hatua kubwa ukikumbuka tulikotoka. Ulaya wao wako kwenye 10 tangu 2009, na magari yao mapya yametengenezwa kwa mafuta hayo. Lakini gari la shemeji halikuuawa na salfa. Limeuawa na safari ya kilomita nane.

Nilivyorudi nyumbani nikachukua daftari la mwanangu lililobaki kurasa za nyuma, nikaanza kuandika kila safari ya kigari changu cha zamani. Mwezi mzima. Mbezi Beach mpaka shuleni Kawe. Kawe mpaka ofisini Mikocheni. Ofisini mpaka Posta, kurudi. Sokoni, kanisani, msibani Tegeta. Mwisho wa mwezi safari zilikuwa 71, na 58 kati yake hazikufika kilomita 12. Zilizozidi kilomita 40 zilikuwa mbili tu, zote za shamba Kibaha. Mimi nilikuwa natafuta gari la kupanda Marangu Desemba, kumbe gari litaishi Mbezi Beach.

Hata hivyo sikukata tamaa na dizeli hapohapo. Nguvu yake ni ya kweli. Prado ya dizeli ya lita 3.0 inatoa mvuto wa Nm 410 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na zinaanza kupatikana injini ikiwa mizunguko 1,600 tu kwa dakika, yaani mguu hujaukaza. Ile ya petroli ya lita 2.7 inatoa 246, na mpaka uitafute juu huko karibu na mizunguko 4,000 injini ikipiga kelele. Gari lenyewe lina tani mbili na ushee. Ipo ya petroli ya lita 4.0, silinda sita, tamu sana, nikaiendesha siku moja mpaka Bunju na kurudi nikaona mshale wa mafuta unavyoshuka, nikairudisha kwa adabu.

Kodi haikunisaidia kuamua. TRA wanaangalia ujazo wa injini na umri wa gari. Zote hizi zimepita cc 2,000, kwa hiyo ushuru wa bidhaa ni ule ule wa asilimia 10, na gari likiwa na miaka zaidi ya 10 unaongezewa asilimia 30 ya uchakavu. Kinachotofautiana ni bei ya kununulia. Hapa wengi hawajui: kwa umbo hili, Japani hawakuuziwa Prado ya dizeli mpaka 2015, ilipokuja injini ya lita 2.8. Kwa hiyo ukitaka dizeli ya kabla ya hapo, unatafuta za Uingereza na kwingineko, na ziko chache. Ukitaka ya 2015 kuendelea kutoka Japani, ina chujio la masizi na juu yake inataka maji ya urea ya kusafisha moshi, kwenye tangi lake la pembeni. Hiyo sikuifikiria mara mbili.

Nikapata moja ya Uingereza kwenye yadi, nyeusi, viti vya ngozi. Nilipofika muuzaji aliiwasha, ikaitika mara moja. Nikaweka kiganja kwenye boneti: ya moto. Mtu kaiwasha kabla sijafika. Kesho yake nikaenda na fundi saa kumi na mbili na nusu asubuhi bila kupiga simu, tukamkuta mlinzi anafagia. Tulimsihi, akampigia bosi wake, ikawashwa ikiwa baridi. Iligonga kama mtu anatwanga mahindi kwenye kinu cha chuma, moshi mweupe ukajaa ukutani. Fundi akafungua mfuniko wa kuwekea oili huku injini inanguruma, akaweka kiganja juu yake. Pumzi ilimsukuma mkono, dalili kwamba injini imechoka ndani. Akaufunga, akafuta mikono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, twende tukanywe chai."

Kama kuna kitu kimoja nakuomba ufanye ukinunua dizeli iliyotumika, ni hicho: ikute baridi. Petroli iliyochoka huvumilia na ina mafundi kila mtaa; nozeli za dizeli hizi za kisasa, vile vinavyopulizia mafuta ndani ya injini, zinafanya kazi kwa mgandamizo mkubwa mno, na mafundi wenye mashine ya kuzipima unawahesabu kwa vidole.

Kwenye chai hiyo tukapiga hesabu nyuma ya risiti. Natembea kama kilomita 12,000 kwa mwaka. Petroli ya 2.7 kwenye foleni zetu nikaipa kilomita 6.5 kwa lita, dizeli nikaipa 8.5. Hiyo ni lita 1,846 dhidi ya 1,412, tofauti ni lita 434. Bei za mafuta za EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, zinabadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mwezi huu petroli juu, mwingine dizeli juu, nikaziweka zote kwenye shilingi 3,000. Dizeli ingeniokolea milioni 1.3 kwa mwaka. Na dizeli nzuri, zile zisizogonga, zilikuwa zinazidi petroli kwa kama milioni 18. Ningeanza kuona faida baada ya miaka karibu 14, na hapo nozeli sijaziweka. Kwa anayekwenda Mbeya kila wiki hesabu hii inapinduka kabisa, na namshauri achukue dizeli bila kunisikiliza.

Nikachukua petroli ya 2.7 kutoka Japani. Nyeupe, mama watoto ndiye aliyeamua.

Miezi sita ya kwanza sikuwa na la kusimulia. Oili, plagi, filta ya hewa, basi. Inakunywa, sikatai, kuna wiki za mvua ilishuka mpaka kilomita 5 na kitu kwa lita na nilikuwa nikimuona kijana wa sheli mara nyingi kuliko jirani yangu.

Desemba ndiyo nilikiona. Tuliondoka na shemeji saa kumi alfajiri, magari mawili, tukapita Bagamoyo tukatokea Msata kukwepa Kibaha na Chalinze. Kila tukikuta malori matatu yamefuatana, yeye alikuwa akikanyaga kidogo tu anapotea. Mimi nashusha gia, injini inapiga kelele, nahesabu, naghairi, narudi nyuma ya lori. Mama watoto ananitazama haongei. Mombo tulimkuta kashamaliza chai na sambusa, anachokonoa meno.

"Shem, tulidhani trafiki wamekulaza huko," akasema.

Kupanda kutoka Himo ndiko kulikonitoa jasho zaidi, gari limejaa watoto, mizigo na gunia la mchele. Yeye alishakata kuelekea kwao Kilema. Tulifika kwa tangi lile lile la lita 87 nililojaza Dar, bila kuongeza njiani.

Baba alikuwa amesimama kwenye migomba anatusubiri. Nikashusha kioo, shikamoo, marahaba, akalizunguka gari mara moja.

"Haya, liwashe nilisikie."

"Linawaka hivi, baba."

Akaweka kiganja kwenye boneti, akakiacha pale muda, kichwa kakiinamisha upande mmoja.

"Limekunywa lita ngapi?"

"Sitini na nne."

Akatoa mkono kwenye boneti, akageuka kumwita mama aje tupokezane mizigo.